Mguu wa Drusilla

Jambo la mwisho la kawaida lililotokea katika nyumba ya Anyona lilikuwa ubishi juu ya ugali. Linda, binti yake, aliusonga kwa haraka kwa sababu mvua ya alasiri ilikuwa imelowesha kuni, na ulipofika mezani ulikuwa laini hata ukainama sahanini.

"Huu tunakula au tunapaka ukuta?" Anyona aliuliza.

"Tata, wewe kula tu. Ukimaliza na hujafa, kesho nitakusongea mwingine."

Walicheka. Hawakuwa wamecheka pamoja tangu mazishi, na wote wawili walinyamaza kwa ghafla, kama watu waliokamatwa wakiiba. Mama wa nyumba ile, Drusilla, alikuwa amelala upande wa kushoto wa nyumba, chini ya udongo ambao haujashuka bado. Linda akakusanya sahani. Anyona akachukua kitambaa, akafuta meza.

Ndipo aliposikia mtu akitembea verandani.

Hatua moja ilikuwa imara. Ya pili ilianza kwa kugonga, kisha ikaburuza. Imara, kugonga, kuburuza. Mtu mwingine angesema ni mbwa, au gunia linavutwa. Anyona alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo katika kliniki moja mjini Kisii, karibu na soko la Daraja Mbili, na alikuwa amezoea kuwatambua wagonjwa wake kabla hawajafungua mlango. Aliijua sauti ya goti lililochakaa na ya nyonga iliyovunjika ikaunga vibaya. Huyu aliyekuwa verandani alikuwa na mguu usioweza kuinua kidole gumba, kwa hiyo ncha ya wayo hutua kabla ya kisigino na kukwaruza sakafu. Hutokea hivyo neva inayotoka kiunoni ikiwa imebanwa kwa muda mrefu mno.

Alikuwa amewatibu watu wengi wenye mguu kama huo. Ni mmoja tu aliyewahi kutembea hivyo katika veranda hii.

Alifungua mlango. Hapakuwa na mtu. Giza lilikuwa halijakolea. Aliona mistari ya chai ikishuka mpaka kwenye migomba, na moshi wa majirani ukining'inia upande wa Ekerenyo. Palinuka dawa ya kuchua, ile yenye kafuri, na chini yake palikuwa na harufu nyingine, kama ya majani mabichi ya chai yaliyosahaulika ndani ya gunia yakaanza kuvunda.

"Ni nani?" Linda aliuliza kutoka jikoni.

"Paka," alisema Anyona, na kufunga mlango.

Maumivu ya Drusilla yalianza msimu wa mvua ya masika. Yalitoka kwenye tako la kushoto, yakashuka upande wa nje wa paja, yakakata ugoko, yakaishia juu ya wayo. Alimwonyesha mumewe kwa kidole, akiichora njia hiyo juu ya gauni, na Anyona akatabasamu, kwa sababu aliijua njia ile kama barabara ya kwenda kazini. Ni siatika, alimwambia. Wiki nzima alikuwa akiwashughulikia wachumaji wa chai kutoka Nyamira wenye maumivu hayo hayo. Kikapu mgongoni, kuinama, kujipinda huku na huku, mpaka diski iliyo kati ya pingili mbili inatokeza na kuiminya neva. Wengi hupona bila kupasuliwa. Hilo lilikuwa kweli, na alipolisema hakudanganya. Alimfundisha mkewe mazoezi, na kila jioni alimpashia jiwe.

Lilikuwa kipande bapa cha jiwe laini la Tabaka, lile linalochongwa vinyago, ambalo likishika moto haliuachi upesi. Alikuwa akiliweka juu ya jiko la makaa, akalifunga kwa taulo, akampelekea Drusilla kwenye kiti cha verandani na kulisukuma taratibu mpaka mahali panapouma. Drusilla alifumba macho na kusema, "Hapo hapo, Baba Linda." Katika ndoa yao yote Anyona hakuwahi kufanya kazi nyingine kwa upole kama ule. Ndiyo sababu baadaye alishindwa kujisamehe: kila jioni ya jiwe ilikuwa jioni nyingine ambayo hakumpeleka hospitali.

Kule kliniki alikuwa na maswali ya dalili za hatari ambayo hakukosa kumwuliza mgonjwa yeyote. Je, umekonda bila sababu? Maumivu yanakuamsha ukiwa umelala? Sehemu unayokalia imekufa ganzi? Mkojo unakuponyoka? Aliwauliza watu asiowajua, wazee kwa vijana, bila kuona haya. Mkewe hakumwuliza hata moja. Asubuhi fulani, akiwa ameinama anafunga viatu, Drusilla alisimama nyuma yake akasema kwa sauti ya chini kwamba siku hizi akikaa hahisi kiti. Anyona alikuwa amechelewa.

"Ni neva tu," alisema. "Itapita."

Drusilla hakujibu. Baadaye Anyona alikumbuka kutojibu kule kuliko neno lolote alilowahi kuambiwa.

Haikuwa diski. Ulikuwa uvimbe wa saratani, ulioanzia titini na kujijenga ndani ya pingili za kiuno, na ulipoonekana kwenye picha ulikuwa umekwisha kula cha kula.

Baada ya mazishi wazee walizima moto wa matanga na kumwaga majivu chini ya migomba. Kwa desturi ya kwao, baada ya hapo marehemu hatengenezewi tena kitu cha moto. Si chai, si uji, si maji ya kuoga. Gladys, dada mkubwa wa Drusilla, alilisema jambo hilo mbele ya wote huku akimkazia macho Anyona. "Moto umezimwa. Sasa aachwe. Nyinyi mlio hai, jipikieni." Anyona, Msabato aliyesoma mpaka chuo kikuu, aliitikia kwa kichwa kama mtu anavyoitikia maneno ya msibani.

Jioni iliyofuata ile ya ugali aliwasha jiko la makaa mapema. Alijiambia anataka chai. Chai ilipochemka aliondoa sufuria, akaweka jiwe mahali pake, akasimama kulitazama. Linda alikuwa bado kwenye banda la kupimia majani ya chai. Anyona alilifunga jiwe kwa taulo, akaliweka juu ya kiti cha verandani, akaingia ndani na kurudishia mlango.

Imara, kugonga, kuburuza. Kiti kikalia, kama kinavyolia mtu anapokaa polepole akitanguliza upande mmoja. Kisha ikasikika pumzi ndefu.

Anyona aliegemea mlango kwa ndani na kulia bila sauti. Hakuogopa. Alikuwa na furaha, na aliionea aibu furaha hiyo.

Alipotoka, jiwe lilikuwa baridi. Lingepaswa kuwa bado halishikiki, lakini lilikuwa baridi kama lililotolewa mtoni, na taulo lilikuwa limelowa. Katika siku nyingine, juu ya jambo jingine, angejiuliza ni kitu gani kinachoweza kunywa moto wote ule kwa muda mfupi hivyo. Hakujiuliza. Alilikausha jiwe, akalitunza kwa ajili ya kesho.

Likawa zoea lake. Aligundua kwamba akichungulia dirishani hakuna kinachokuja, lakini akikaa amegeukia ukuta kinakuja. Aligundua pia kwamba ile harufu ya kuvunda ilikuwa ikiishinda ile ya dawa ya kuchua, jioni baada ya jioni, na akajiambia ni unyevu wa msimu. Kisha ikaja mvua ya upepo, iliyokuwa ikirusha maji mpaka ukutani mwa veranda, na Anyona akakichukua kiti kwa mikono yake mwenyewe na kukiingiza sebuleni, akaacha mlango wazi, kwa sababu hakutaka mkewe alowe.

Jioni hiyo alizungumza. Akiwa amegeukia ukuta, alisimulia yote: viatu, asubuhi ile, maswali aliyowauliza wageni na kumnyima yeye. Nyuma yake mto wa kiti ulishuka taratibu. Alipomaliza kuomba msamaha, sauti aliyoifahamu, iliyochoka kidogo, ikasema neno moja.

"Mguu."

"Najua," alisema Anyona. "Najua, mama. Nitakupashia tena."

Upande wa pili wa ukuta huo kilikuwa chumba cha Linda.

Siku chache baadaye, wakati wa chai ya asubuhi, Linda aliinuka kupeleka vikombe jikoni. Anyona alikuwa akitazama nje. Alisikia hatua zikivuka sakafu nyuma yake. Imara. Kugonga. Kuburuza. Alikaa bila kugeuka, kikombe kikiwa hewani, akisubiri masikio yake yamwambie kwamba yamekosea.

"Linda. Njoo ulale hapa kwenye benchi."

"Nimelala vibaya tu, Tata. Na jana nilichuma mpaka mstari wa chini."

"Lala."

Aliushika mguu wake wa kushoto kwenye kisigino na kuuinua ukiwa umenyooka. Haujapanda hata shibiri, Linda alipiga ukelele. Anyona aliushusha. Akaanza maswali yote, moja baada ya jingine, na hakuruka hata yale ya aibu.

"Tata, ni maswali gani haya?"

"Jibu."

"Mkojo uko sawa! Ama nikuletee uone?"

Hakucheka. Siku hiyo hiyo alimpeleka Kisii, kwa Daktari Priyanka, ambaye babu yake alifungua duka la vitambaa mjini kabla baba yake Anyona hajazaliwa, na ambaye aliwasalimu wazee wa Nyamira kwa Ekegusii kizuri kuliko cha wajukuu wao. Yeye ndiye aliyemtibu Drusilla mwishoni. Alimtuma Linda kwenye mashine kubwa ya picha, na picha ziliporudi alimwita Anyona peke yake.

"Diski zote ziko mahali pake," alisema. "Mfereji wa uti wa mgongo ni mpana. Hakuna pingili iliyoteleza juu ya mwenzake. Hakuna usaha, hakuna kifua kikuu cha mifupa. Hakuna uvimbe, Anyona. Hapo nimerudia kuangalia, kwa ajili yako."

"Msuli wa ndani wa makalio? Wakati mwingine ndio unaobana."

"Nimeupima, si huo. Hajaanguka, hana mimba, hana sukari, hana mkanda wa jeshi. Umebaki na nini kingine? Nitajie, nitampima."

Anyona aliichukua picha, akaiinua kwenye mwanga mwenyewe.

"Kuna neva imebanwa," Priyanka alisema. "Mguu wenyewe unaonyesha. Kidole gumba kimeanza kukataa kuinuka. Lakini sioni kinachobana. Kama angekuwa mgonjwa wako ungemwambiaje?"

"Ningemwambia itapita."

Daktari aliandika tarehe ya Linda kurudi.

Waliporudi nyumbani ilikuwa alasiri. Linda alijilaza kitandani kwa ubavu mmoja, na Anyona akakaa kwenye kigoda karibu naye. Alidhani amesinzia.

"Tata," alisema Linda. "Leo usipashe lile jiwe."

Anyona alikisogeza kigoda karibu zaidi na kitanda.

"Wewe unajua?"

"Hii ukuta ni mbao. Nasikia kila kitu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaongea. Tangu Mama aende, ulikuwa huongei na mtu. Unaniambia tu pita chumvi, funga mlango. Halafu nikasikia unaongea naye, na sauti yako ilikuwa kama ya zamani. Nikasema, wacha akae. Mguu ni mguu tu."

"Linda."

"Jiwe likianza kupoa huko sebuleni, mimi huku ndio naanza kuchomeka. Inaanza hapa nyuma, inashuka mpaka kwa kidole. Kama mtu amenitoa mshipa akauweka kwa makaa." Akafunika uso kwa shuka. "Nilifikiri ni Mama. Sikutaka umfukuze."

Anyona alitoka nje na kumpigia simu Gladys. Ilimchukua muda kueleza yote.

"Ulimpashia jiwe," Gladys alisema. "Baada ya moto kuzimwa."

"Alikuwa na maumivu, shemeji."

"Alikuwa na maumivu akiwa hai!"

Walifika kabla ya jua kushuka, Gladys na mwanamke mfupi aliyevaa gambuti na sweta la shule fulani lililompwaya mabegani. Jina lake lilikuwa Nyasani. Alikuwa akiishi kwenye kilima cha pili kupita Ekerenyo, na watu walimwita usiku wakamsahau mchana.

"Huyo kijana wa bodaboda karibu aniue kabla jini halijaniona," alisema Nyasani akijipangusa matope. "Msichana yuko wapi? Na wewe mwenye nyumba, usisimame hapo kama mlingoti. Nataka maji baridi, ya mtungi. Jiko lizimwe kabisa. Leo hapa hapapikwi hata yai."

Gladys alimwaga makaa kwenye matope ya uani bila kumtazama shemeji yake. Nyasani aliupapasa mguu wa Linda kuanzia kidole gumba, akapanda taratibu kwenye ugoko na paja, na alipofika kwenye tako mkono wake ulisimama.

"Liko hapa. Limekaa kama kuku anayeatamia."

"Ni mama yake?" Anyona aliuliza.

"Wewe ungependa awe nani?"

"Nakuuliza kama ni Drusilla."

Nyasani alimtazama bila chuki. "Watu wa pwani wangeita jini. Sisi tunasema ekerecha. Kitu cha namna hii kikichukua sauti ya mtu, kinachukua yote, na kumbukumbu yake. Sijui kama ni yeye. Kazi yangu ni kulitoa, si kulipa jina. Ninachojua ni kwamba linapenda moto, na wewe ulilizoesha. Jiwe lilipokuwa dogo kwake, likatafuta moto wa damu."

"Sasa tufanye nini?" Gladys alinong'ona.

"Mimi nitalitoa mguuni. Lakini likifika mlangoni litageuka limwombe huyu, kwa sababu huyu ndiye aliyelikaribisha. Lazima alikatae kwa mdomo wake. Akilihurumia linarudi, na likirudi halitakaa mguuni tena." Aliweka kiganja juu ya kiuno cha Linda, kisha akakipandisha uti wa mgongo, pingili kwa pingili, mpaka shingoni. "Litapanda. Umeelewa, mwalimu?"

"Mimi si mwalimu."

"Basi umeelewa haraka."

Mwanga ulipoanza kufifia mvua ilianza tena. Walimlaza Linda kwenye mkeka sebuleni. Gladys alimshika mabega, Nyasani akapiga magoti penye miguu, na Anyona akasimama kwenye mlango uliofungwa, uso wake ukiuelekea ubao. Nyasani alichovya kitambaa kwenye maji na kuanza kukandamiza tako, kisha paja, akilikimbiza lile jambo kuelekea chini, huku akisema maneno ya Ekegusii kwa sauti ya mtu anayemfukuza ng'ombe shambani, si ya ibada wala ya hasira. Mvuke ulitoka kwenye kitambaa. Maji yaliyokuwa baridi yalianza kutoa ile harufu, majani yaliyovunda ndani ya gunia, nzito kiasi kwamba Gladys aligeuza uso, na Linda, ambaye mpaka hapo alikuwa akiuma ukingo wa kanga, aliachama na kupiga kelele bila pumzi.

"Eee Nyasae," Gladys alimlilia Mungu, "Eee Nyasae, eee Nyasae."

"Mshike!" Nyasani alimwambia.

Kisha Linda akanyamaza, na katika ukimya huo Anyona alisikia nyuma yake, ndani ya chumba ambamo watu wengine wote waliokuwa hai ama wamelala au wamepiga magoti, hatua moja imara, kisha kugonga, kisha kuburuza, ikija polepole juu ya saruji, ikimpita karibu hivi kwamba upande mmoja wa mwili wake uliingiwa na baridi, ikapita ubao wa mlango kana kwamba ubao ni ukungu tu wa asubuhi juu ya chai, na kusimama upande wa pili, verandani, mahali kilipokuwa kiti zamani.

"Baba Linda."

Alikuwa amejiandaa. Alikuwa na maneno ya kanisani, aliyoyakariri tangu utoto kwenye kilima cha Nyanchwa, na aliyasema kwa sauti, akiliamuru liondoke kwa jina la Mwokozi. Aliyekuwa nje alimsikiliza mpaka mwisho.

"Amina," alisema yule wa nje, taratibu, kama Drusilla alivyokuwa akisema.

"Hilo si kukataa," Nyasani alifoka kwa sauti ya chini. "Hiyo ni kuomba. Likatae!"

"Baba Linda, ni mguu. Nipashie jiwe, kidogo tu. Huku ni baridi." Sauti ikashuka, kwa haya. "Siku hizi nikikaa, sihisi kiti."

Maneno hayo Drusilla alimwambia yeye peke yake. Nyuma yake Linda alianza tena, si kwa kelele sasa bali kwa mkoromo mfupi mfupi, na Gladys akalia, "Kiuno kinachemka, Nyasani, kinachemka, kinapanda!" na Anyona, ambaye kiganja chake kilikuwa kimekwisha kushika komeo bila yeye kujua, alitafuta ndani yake neno la kumkataa mwanamke yule, akapitia yote aliyowahi kumwambia katika miaka ya ndoa yao, maneno ya uchumba na ya ugomvi na ya kuaga, na akaona kwamba hakuwahi kumkataa kwa hasira hata siku moja, kwamba hakuwa na tusi lolote kwa ajili yake, kwamba katika maisha yake yote alikuwa amemfungia mlango mara moja tu, kwa upole, akiwa ameinama, na kwamba hayo ndiyo maneno pekee aliyokuwa nayo.

"Ni neva tu," alisema. "Itapita."

Nje hapakuwa na jibu.

Aliutambua ukimya ule. Ulikuwa na urefu ule ule na uzito ule ule. Angeweza kuutofautisha na ukimya mwingine wowote duniani.

Kisha imara, kugonga, kuburuza, kushuka ngazi ya veranda na kuingia mvuani, mpaka kelele za matone juu ya mabati zikafunika.

"Tata," Linda alisema kwa mshangao. "Imetoka." Alikuwa akikitazama kidole gumba chake. Kiliinuka, kikashuka, kikainuka tena.

Nyasani alikaa chini, miguu ikiwa imenyooka mbele yake, gambuti zikitiririka maji. "Umefanya vizuri," alimwambia Anyona. "Linakwenda mtoni sasa. Huwa yanashuka mtoni. Usifungue mlango mpaka kuche." Kisha akamtazama tena, akasema kwa sauti nyingine, "Kaa chini, ndugu yangu. Kaa chini, utaanguka."

Asubuhi iliyofuata Anyona aliamka kabla ya wengine na kufungua mlango. Mvua ilikuwa imekatika na uwanja ulikuwa laini, mwekundu, hauna hata unyayo wa kuku. Kulikuwa na nyayo za mtu mmoja tu. Wayo wa kulia ulikuwa umeacha alama kamili, vidole vyote vikionekana. Wa kushoto haukuacha alama ya wayo, bali mfereji mwembamba, kama unaochorwa na mtu anayevuta kijiti.

Alizifuata. Alitegemea zitamshusha kwenye njia ya mtoni. Mwisho wa ngazi ziligeuka kushoto. Zilifuata ukuta wa nyumba mpaka chini ya dirisha la chumba alichokuwa akilala na mkewe, na hapo matope yalikuwa yamekanyagwa kanyagwa, kama mahali mtu aliposimama kwa muda mrefu akisubiri. Kisha ziliendelea mpaka kaburini. Hapakuwa na nyayo za kutoka.

Alisimama pale. Ndani ya nyumba alisikia mlango wa jikoni, kisha Linda akitembea kutoka jikoni kwenda sebuleni na kurudi, upesi, hatua mbili zilizolingana, akimcheka anti yake Gladys aliyekuwa anakoroma.

Anyona alikwenda ghalani akachukua jembe. Alianza miguuni pa kaburi, akirudi kinyumenyume, akivuta udongo juu ya kila wayo na kuupiga kwa bapa la jembe mpaka ukalingana. Alikuwa amefika chini ya dirisha Linda alipotokea mlangoni na kikombe cha maji mkononi.

"Tata, unalima saa hizi?"

"Mvua imeharibu uwanja."

Linda alishuka ngazi. Alikanyaga kwa kisigino, kisha kwa wayo, kisha kwa vidole, mguu wa kulia na wa kushoto. Akasimama juu ya ule mfereji mwembamba bila kuuangalia.

"Nikusaidie?"

Anyona aliitazama miguu yake kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Chukua reki," alisema. "Anzia hapo kwenye ngazi. Tutakutana katikati."